Habari za Ibrahim Sekagya, Mlinzi wa Uganda

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, saa ya kurudi ng'ombe ni saa kubwa katika mji. Jua likikaribia kuchwa, vumbi huonekana njiani, kisha husikika kengele na sauti za watoto, na kundi huingia zizini, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Mzee husimama mlangoni akihesabu kwa macho. Wakiwa wamerudi wote, hasemi neno. Huufunga mlango wa zizi kwa magogo, akaenda zake kuota moto, na kijana mchungaji hupewa chakula chake kama siku zote. Walakini siku ile ndama mmoja akipungua, mji mzima husimama. Kijana huulizwa: Ulikuwa wapi? Ulilala? Fisi alipita upande gani? Basi mtoto yule, ambaye kwa siku mia hakutajwa na mtu, leo jina lake limo katika kila kinywa.

Ndivyo ilivyo kazi ya ulinzi. Ikifanyika vema, haionekani. Ikiharibika mara moja, huonekana na watu wote.

Jambo hili huonekana pia katika kiwanja cha shule. Watoto wa Mugumu, au wa Sirari, au wa kando ya Mto Mara, wakiisha kukunja matambara na kuyafunga kwa kamba hata yakawa mpira, huanza kugawana kazi. Kila mmoja ataka kusimama mbele, ili afunge goli na kubebwa mabegani. Hakuna apendaye kukaa nyuma. Mara nyingi aliye mdogo, au aliyechelewa kufika, ndiye anayeambiwa, "Wewe, kaa nyuma, uwe beki." Naye huenda mahali pake amenuna, akidhani kwamba amenyimwa mchezo.

Mtoto wa namna hii yafaa asikie habari za Ibrahim Sekagya, mtu wa Uganda, ambaye alisimama nyuma katika mabara manne, na kazi ya kusimama nyuma ikamfanya kuwa mwalimu.

Sekagya alizaliwa tarehe 19 Desemba 1980. Nchi yake si ya mbali na watu wa Mara, kwa kuwa ziwa ambalo Mto Mara humwaga maji yake karibu na Musoma, ndilo hilo hilo linalopiga mawimbi katika pwani za Uganda. Katika ujana wake aliichezea klabu ya Halmashauri ya Mji wa Kampala, ambayo watu waliiita KCC. Huko alijulikana kuwa beki wa kati, yaani mlinzi asimamaye mbele ya mlinda mlango.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaotamani kucheza ng'ambo huielekeza mioyo yao Ulaya. Sekagya alishika njia ambayo si wengi waliopita. Alivuka Bahari ya Atlantiki akaenda Argentina, katika Amerika ya Kusini. Nchi hiyo ina mbuga pana za majani, na ng'ombe wake ni wengi kuliko watu wake. Mkuria akifika huko asingejiona mgeni sana. Walakini katika mpira watu wa Argentina ni mabingwa. Walikuwa wamekwisha kulitwaa Kombe la Dunia mwaka 1978 na tena mwaka 1986, na baadaye walilitwaa mara ya tatu mwaka 2022. Basi mgeni kwenda Argentina kutafuta riziki kwa kucheza mpira ni kama mgeni kuja Tarime kuwafundisha wenyeji kuchunga. Atatazamwa sana kabla ya kuaminiwa.

Klabu iliyompokea yaitwa Ferro Carril Oeste, maana yake Reli ya Magharibi. Ilianzishwa na wafanya kazi wa reli katika mji wa Buenos Aires mwaka 1904. Zamani ilikuwa klabu yenye sifa, na katika miaka ya 1982 na 1984 ilipata ubingwa wa nchi. Lakini siku alipofika Sekagya, utukufu huo ulikuwa umepita, nayo ilikuwa imeshuka ikicheza katika madaraja ya chini. Huko hakukuwa na fahari nyingi. Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sekagya aliinama, akakaa katika klabu hiyo hata mwaka 2005. Ndipo alipochukuliwa na klabu ya daraja la kwanza, iitwayo Arsenal, ya mji wa Sarandí. Klabu hii si ile Arsenal ya London; zimefanana kwa jina tu.

Yafaa sasa kueleza kazi yenyewe ya mlinzi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kupiga mpira kwa nguvu uende mbali. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kutazama. Mshambuliaji hutazama goli moja lililo mbele yake. Mlinzi hutazama kiwanja kizima, kwa kuwa wachezaji karibu wote wako mbele ya macho yake. Huona adui anayejitenga na wenzake polepole. Huona rafiki aliyechoka, ambaye hawezi tena kurudi upesi. Kwa hiyo kazi yake ya pili ni kusema. Huita, huonya, humwambia huyu asogee na yule arudi. Mlinzi asiyesema ni nusu ya mlinzi.

Kazi yake ya tatu ni kwenda pamoja na wenziwe. Sheria ya mchezo yamkataza mshambuliaji kuungojea mpira karibu na goli huku amekwisha kuwapita walinzi. Kosa hilo huitwa kuotea. Basi walinzi wenye akili husogea mbele wote kwa mara moja, na mshambuliaji hujikuta amebaki peke yake mahali pa kosa. Lakini mmoja wao akizubaa, hila yote huharibika. Wamefanana na wavuvi wanaolivuta juya ufukoni mwa ziwa: mmoja akilegeza mkono, samaki hupata mahali pa kutokea.

Haya yote Sekagya alipaswa kuyatenda kati ya watu wasiojua lugha ya kwao. Argentina watu husema Kihispania. Mwaka 2007 alihamia Austria, katika Ulaya, akaingia klabu ya Red Bull ya mji wa Salzburg, na huko watu husema Kijerumani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye alilishika jembe akalima. Katika mji ule, ulio karibu na milima ya Alpi yenye theluji, alikaa miaka 6. Klabu yake ikapata ubingwa wa Austria mwaka 2009, na mwaka 2010, na tena mwaka 2012. Na katika mwaka huo wa 2012 ikapata pia Kombe la Austria. Kwa mtoto aliyeanza katika viwanja vya Uganda, huo ulikuwa mwendo mrefu.

Walakini katika miaka hiyo yote kulikuwa na jambo moja ambalo hakulipata.

Sekagya alikuwa pia nahodha wa timu ya taifa ya Uganda. Wenyeji wa Uganda walikuwa na kumbukumbu moja iliyowatia furaha na uchungu pamoja. Mwaka 1978 timu yao ilifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Mataifa ya Afrika, katika mji wa Accra, ikashindwa na Ghana kwa magoli 2 kwa 0. Tangu siku hiyo haikupata kurudi tena katika mashindano yale. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa, nao hawakuwahi kuiona Uganda huko. Nahodha mwenyewe alikuwa mmoja wao, maana alizaliwa miaka 2 baada ya Accra.

Mwaka 2011 mlango ulionekana kufunguka. Uganda ilikuwa katika kundi moja na Angola, Kenya na Guinea-Bissau. Kila timu ilikuwa na michezo 6, na aliyeongoza kundi alikuwa na hakika ya kwenda. Baada ya michezo 5, Uganda ilikuwa na pointi 10, na Angola ilikuwa na pointi 9. Ushindi huleta pointi 3, na sare huleta pointi 1. Mchezo wa mwisho wa Uganda ulikuwa nyumbani, katika uwanja wa Namboole ulio karibu na Kampala, tarehe 8 Oktoba 2011. Wageni walikuwa Kenya. Wakishinda tu, safari ni yao.

Watu waliujaza uwanja. Uganda ilishambulia, Kenya ikazuia. Dakika zikapita, na goli halikupatikana. Walinzi wa Uganda walifanya kazi yao. Mpira haukuingia katika goli lao hata mara moja. Filimbi ya mwisho ikalia, na hesabu ikawa 0 kwa 0. Nayo Angola ikashinda mchezo wake wa mwisho huko Guinea-Bissau. Mwanafunzi ajuaye kujumlisha ataona mwenyewe yaliyotokea: 10 na 1 ni 11, 9 na 3 ni 12. Kwa pointi moja Uganda ilibaki nyumbani.

Hapa pana jambo la kufikiri. Mlinzi aliirudisha zizini hesabu yote. Hakupungua hata ndama mmoja. Walakini mji ulilala katika huzuni. Mtu aweza kutimiza kazi yake aliyopewa, na bado lile alilolitamani likampita. Hili ni gumu kuliko kushindwa kwa kosa lako mwenyewe, kwa sababu aliyekosa hujua la kutengeneza kesho. Aliyetimiza kazi yake akashindwa, atatengeneza nini?

Baada ya mchezo ule Sekagya aliacha kuichezea timu ya taifa. Alikuwa na umri wa miaka 30, na alikuwa ameitumikia kwa muda wa zaidi ya miaka kumi. Alicheza mpira Afrika, Amerika na Ulaya, lakini katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika hakucheza hata dakika moja.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali kushindwa si kulala chini, ila ni kusema, "Hili limekwisha," kisha kuitazama kazi iliyobaki. Sekagya aliendelea na kazi yake huko Salzburg. Mwezi wa Julai 2013 alivuka tena Bahari ya Atlantiki, safari hii kwenda Marekani, akaingia klabu ya Red Bulls ya New York. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wachezaji wengi huanza kuhesabu siku zao.

Klabu hiyo ilikuwa imecheza tangu mwaka 1996 bila kupata taji kubwa hata moja, ingawa ilikuwa na wachezaji maarufu, kama Thierry Henry wa Ufaransa, aliyekuwamo katika timu iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998. Mwalimu wa timu katika mwaka huo wa 2013 alikuwa Mike Petke, naye zamani alikuwa mlinzi katika klabu hiyo hiyo. Tarehe 27 Oktoba 2013 walicheza na Chicago. Wakishinda, watapata Ngao, ambayo hupewa timu iliyokusanya pointi nyingi kuliko zote katika msimu. Chicago walitangulia kufunga. Henry akasawazisha. Kipindi cha pili kilipoanza, hesabu ikiwa 1 kwa 1, goli lililofuata halikufungwa na Henry wala na mshambuliaji mwingine. Lilifungwa na mlinzi Sekagya. Baada ya hapo wenzake wakapata nguvu, mchezo ukaisha kwa magoli 5 kwa 2, na klabu ikapata taji lake kubwa la kwanza.

Miaka 2 kabla ya hapo, katika mwezi huo huo wa Oktoba, alitoka Namboole kwa huzuni kwa kukosa goli moja tu. Sasa goli moja lilitoka kwake, na furaha ilikuwa ya watu wengine, katika nchi nyingine. Maisha hayalipi deni kila mara mahali lilipokopwa.

Mwaka 2014 ulikuwa wa mwisho wa kucheza kwake. Wengi wakifika hapo hurudi nyumbani, wakaishi kwa kusimulia. Yeye alianza kazi mpya. Mwaka 2015 klabu ile iliunda timu ya pili, ya vijana wanaoandaliwa kupanda timu kubwa, naye akawekwa kuwa mwalimu msaidizi chini ya John Wolyniec. Mwaka 2016 timu hiyo ya vijana ikawa bingwa wa mashindano yake. Miongoni mwa waliopita humo katika miaka ile ya kwanza ni Tyler Adams, ambaye mwaka 2022 alikuwa nahodha wa Marekani katika Kombe la Dunia. Sekagya alidumu katika kazi ya msaidizi kwa miaka mingi. Na mwaka 2023 ndipo alipopewa timu ile ya pili, awe mwalimu wake mkuu.

Tena si yeye peke yake aliyetoka katika ulinzi akawa mwalimu. Petke ametajwa. Franz Beckenbauer wa Ujerumani alikuwa mlinzi na nahodha timu yake ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974, na mwaka 1990 alilitwaa tena akiwa mwalimu. Sababu si ngumu kuijua. Mlinzi amekwisha kuzoea kutazama kiwanja kizima. Amekwisha kuzoea kusema na wenzake na kuwapanga. Zaidi ya hayo, amekwisha kuzoea kwamba akifanya vema, atakayesifiwa ni mwingine. Na kazi ya ualimu, iwe ya mpira au ya hesabu, ndiyo hiyo: mwanafunzi hupasi, mwalimu hubaki darasani na wengine.

Yako bado yaliyotokea Uganda. Tarehe 4 Septemba 2016, katika uwanja ule ule wa Namboole, Uganda iliwashinda Komoro kwa goli 1 kwa 0, goli la Farouk Miya, ikapata safari ya kwenda Gabon mwaka 2017. Kungoja kwa miaka 38 kukaisha. Denis Onyango, mlinda mlango, aliyekuwa katika timu tangu siku za Sekagya, alikuwapo aione siku hiyo. Sekagya hakuwamo, yeye alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa vijana huko New York. Lakini ni nani awezaye kusema kwamba miaka yake ilipotea? Nyumba ikiisha kuezekwa, watu husifu paa, wala hawaulizi nani aliyechimba mashimo ya nguzo.

Watanzania nao walionja kungoja kwa namna hiyo. Timu yao ilikwenda Lagos mwaka 1980, kisha haikurudi tena hata tarehe 24 Machi 2019, ilipowashinda Uganda wenyewe mjini Dar es Salaam kwa magoli 3 kwa 0. Goli la tatu lilifungwa na Aggrey Morris, naye alikuwa beki.

Basi turudi zizini, ambako habari hizi zilianzia. Mchungaji aliyepotewa na ndama siku moja hawezi kumrudisha. Atalia, ataadhibiwa, na usiku atakosa usingizi. Lakini kesho yake analo jambo moja ambalo wenzake hawana: alijua pengo ambalo fisi alipitia. Akinyamaza kwa aibu, pengo lile litakula ndama wengine. Akimshika mkono mdogo wake, akampeleka hata kichakani, akamwonyesha, "Ni hapa, jua likifika pale, simama hapa, wala usikae," basi ndama yule hakupotea bure.

Jioni kundi litarudi. Mzee atasimama mlangoni akihesabu kwa macho, naye akiwaona wote wametimia, hatasema neno. Atafunga mlango. Na nje ya zizi, mkubwa na mdogo watatazamana, kwa kuwa wao wawili wanajua.